Marehemu Mtarajiwa

Mzee Tomasi alianza kuogopa siku aliyostaafu. Kabla ya hapo hakuwa na nafasi. Miaka thelathini na moja alilinda boila kwenye kiwanda cha sukari, dude la chuma kubwa kuliko nyumba yake ya Bigwa, limejaa mvuke wa kuchemsha mtu akaiva mara mbili, na hakuwahi kukosa usingizi kwa ajili yake. Alikaa na kikombe chake cha chai akiangalia mshale wa presha. Ukikaribia mstari mwekundu anafungua valvu, mvuke unatoka, anarudi kwenye chai. Ndipo siku moja wakamwita ofisini, wakampa cheti na godoro, wakampigia makofi, na kesho yake akaamka saa kumi na moja alfajiri hana cha kulinda isipokuwa mwili wake mwenyewe.

Hapo ndipo woga ulipopiga hodi, ukavua viatu, ukakaa.

Ulianza na jiko la gesi. Mwanawe Frank, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, alimnunulia mama yake jiko la plati mbili na mtungi mdogo wa kijani. Tangu siku hiyo, Martina akiwasha jiko, mumewe alitoka barazani na kusema anapunga upepo. Alipunga upepo hata mvua ikinyesha. "Mtu aliyelala ubavuni mwa boila," Martina aliwaambia wenzake wa jumuiya ya kanisa, "sasa anakimbia mtungi wa kilo sita." Wenzake walicheka, na Tomasi naye akacheka, kwa sababu ilikuwa afadhali waone ni kichekesho kuliko wajue ni kweli.

Baada ya gesi zikafuata bodaboda. Baada ya bodaboda ikafuata simu ya kupangusa inayotaka dole gumba ndipo ifunguke, maana alijiuliza siku dole likikataliwa yeye atakuwa nani. Kisha Frank akatuma mashine ya kupimia presha, na kazi ya kumpima akapewa mjukuu wao Regina, aliyekuwa kidato cha tatu na aliyeishi nao ili awe karibu na shule. Kila asubuhi Regina alimfunga babu yake kile kitambaa mkononi, akabonyeza, na Tomasi akakaza macho kwenye zile namba kama alivyokaza kwenye mshale kwa miaka thelathini na moja. Tofauti ni moja tu. Boila ilikuwa na valvu na alijua ilipo.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Woga wenyewe, ule mkubwa, ulikuwa wa shimo. Akipita mahali watu wanazika, Tomasi aligeuza uso na kuanza kuhesabu nguzo za umeme. Hakumwambia mtu. Umri wake sabini na mmoja, anatokea kwenye watu wa milimani ambao huzikana wakicheka, angeanzaje kusema anaogopa kaburi?

Na kicheko hicho ndicho kilichomletea balaa.

Ukoo wa Tomasi na ukoo wa Kasiani ni watani tangu enzi za mababu waliopanda Uluguru. Watani hutukanana wakapendana. Mmoja anaweza kuingia kwa mwenzake akabeba kuku, na mwenye kuku akabaki anacheka. Ila siku mmoja akifa, mwenzake ana kazi. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, ili waliofiwa wasikaushwe na kulia. Na jeneza likifika makaburini, kabla halijashushwa, mtani anaingia kaburini, analala chali, anasema nafasi hiyo ni yake na hatoki. Waliofiwa wanambembeleza kwa kuku, kwa kofia, kwa chochote, naye anakataa na kukataa mpaka watu wacheke. Ndipo anatoka na mazishi yanaendelea. Mtani akilia anatozwa faini.

Kasiani alilima karoti na kabichi katika kijiji kilicho juu ya Kiroka, na kwa miaka arobaini kila Jumanne alishusha mzigo kwenda soko la Mwembesongo. Akifika Bigwa alisimama kwenye ua wa Tomasi na kuita kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Marehemu mtarajiwa yupo?"

"Yupo," Tomasi alijibu kutoka ndani. "Anachimba lako."

Kisha Kasiani aliingia, akasimamisha fimbo yake ya mpera kwenye unyayo wa Tomasi, akaipima mpaka utosini, akatikisa kichwa. "Umepungua. Vizuri, vijana hawatachoka." Akapewa chai, akaondoka na embe tatu ambazo hakuziomba. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Mwezi wa Januari Kasiani alishuka bila karoti. Alikuja kulazwa hospitali mjini, amekonda mpaka masikio yakaonekana makubwa. Tomasi alikwenda kumwona na chungwa mfukoni. Alikuwa ameandaa utani njia nzima, lakini alipofika kitandani ukamwishia wote.

"Naona natangulia mimi," Kasiani akasema. "Sasa nakuuliza, mwenzangu. Utaingia?"

"Nitaingia."

"Unaogopa."

"Nani kasema?"

"Wewe unaogopa mpaka gesi." Kasiani alipumzika kidogo, maana maneno yalimchosha. "Sikiliza, Tomasi. Wa ukoo wako waliobaki huku ni wewe tu, wengine wote wako mijini. Usipoingia wewe, nitafukiwa kimyakimya kama mtu aliyeokotwa barabarani. Kitu hicho usinifanyie."

Tomasi akamwahidi. Akammenyea chungwa, akalila mwenyewe kwa sababu mgonjwa hakuliweza, kisha akarudi nyumbani akihesabu nguzo.

Simu ililia Alhamisi moja ya Aprili, wakati Regina anamfunga kitambaa cha presha. Alikuwa Joyce, mpwa wa Kasiani, mama wa makamo aliyeuza mboga za mjomba wake pale Mwembesongo. Wanawe Kasiani wote ni wa ukoo wa mama yao, kama ilivyo kwa Waluguru, kwa hiyo mwenye msiba upande wa ukoo alikuwa huyu Joyce, mtoto wa dada.

"Shikamoo, mzee," Joyce akasema. "Mjomba ametuacha. Tunazika Jumamosi. Tunakutegemea wewe."

"Marahaba," Tomasi akajibu. Mashine ikabana mkono wake, ikapiga kelele, ikaandika namba ambazo Regina hakuzisoma kwa sauti.

Alijaribu kwanza kumtafuta wa kumpokea mzigo. Alimpigia mtoto wa dada yake aliyeko Dar es Salaam, akaambiwa kwa heshima zote kwamba siku hizi ameokoka na mambo ya kulala makaburini ameachana nayo. Akampigia wa pili, aliyesema atatuma rambirambi kwa simu. Tomasi akamwuliza kama rambirambi inaweza kuingia kaburini. Mtandao ukakatika, au alikatiwa, hakuweza kujua.

Ikabaki kujizoeza. Ijumaa, Martina alipokwenda kwenye jumuiya, Tomasi alijificha nyuma ya migomba na kuanza kutembea kama Kasiani, mguu wa kulia umetupwa nje, mkono mmoja kiunoni, anajisemesha. Hilo lilikwenda vizuri. Kisha akaliangalia shimo alilochimba wiki iliyopita kwa ajili ya kupanda mgomba. Halikuwa refu, lilifika magotini tu. Akajiambia mtu mzima akishindwa na shimo la mgomba basi hana maana. Akavua kandambili, akajikunja humo, akafumba macho, akaanza kuhesabu. Alikusudia afike mia. Alifika kumi na moja.

Alipofumbua macho alimwona Martina amesimama juu yake, Biblia mkononi.

"Baba Frank," Martina akasema polepole, "unafanya nini?"

"Napima shimo."

"Kwa mgongo?"

Martina alikwenda ndani na kumpigia mtoto wao. "Baba yako amelala kwenye shimo la mgomba," Tomasi alimsikia akisema kupitia dirishani. "Hapana, hajaanguka. Amejilaza." Frank alishauri anywe maji mengi. Usiku ule Tomasi aliomba mvua. Hakuomba mvua ya mazao, aliomba ile inayokata barabara, na alipomaliza akafanya ishara ya msalaba akiwa anajionea haya.

Mvua ilinyesha kidogo na haikukata kitu. Asubuhi ya Jumamosi Regina akampima.

"Mia moja sitini na nane, Babu. Hii si ya kupanda mlima."

Tomasi alifurahi. Furaha ilimjia ghafla, tamu, ya mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Alikwisha fungua kinywa amwambie Martina aende peke yake na salamu zake. Kisha akayaona yale masikio makubwa ya Kasiani kwenye mto wa hospitali, akainuka kutafuta viatu vyake.

"Waambie imesoma mia moja arobaini," akasema.

"Sasa Babu, kina nani watakaoniuliza?"

"Bibi yako."

Walipanda gari la parokia hadi Kiroka, wakaendelea kwa miguu. Vijana wa pikipiki waliwangoja chini ya mlima wakijitolea kuwapandisha wazee bure kwa sababu ya msiba. Tomasi alisema angependa kutembea amkumbuke rafiki yake. Alimkumbuka kwa saa moja na nusu, akisimama kila baada ya kona kushika kiuno, huku Martina akimngoja juu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya maharage. Magoti yake yalikuwa yakilalamika tangu kona ya pili.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Baada ya misa Joyce alimletea koti la Kasiani, lile la kahawia lenye mfuko mmoja, pamoja na kofia yake. Koti lilinuka udongo na tumbaku. Tomasi alilivaa, akatupa mguu wa kulia nje, akaweka mkono kiunoni, na wanawake waliokuwa wakilia pale mkekani wakanyamaza kumtazama. Akapita mbele ya jeneza akijisemesha, "Nani kaacha mbuzi kwenye kabichi zangu? Nikiondoka dakika moja tu." Mtu wa kwanza akacheka, akafuata wa pili. Njiani alilisimamisha jeneza na kudai marehemu kamtuma aseme hawezi kuondoka, karoti hazijapaliliwa. Watu wakamwambia atapalilia yeye. Akasema yeye ni mtu wa boila, karoti anazijua zikiwa kwenye sahani. Wakacheka tena, na kwa muda Tomasi akasahau wanakokwenda.

Kisha wakafika.

Kaburi lilichimbwa kwenye mteremko, kwa hiyo ukuta wa juu ulizidi kimo cha mtu na wa chini ulifika kifuani. Udongo ulikuwa mwekundu na umelowa, na chini kabisa maji yalikuwa yametuama kidogo. Tomasi alitafuta nguzo ya umeme ya kuhesabu. Mlima ule haukuwa na umeme upande huo. Watu walikuwa wamenyamaza, padri na katekista wamejitenga pembeni kwa adabu kuacha mila ifanye kazi yake, na Mama Castory, mjane wa Kasiani, alikuwa ameshikiliwa na wanawake wawili, uso umekauka. Joyce alisema hajala wala hajasema tangu Alhamisi.

Vijana wawili wakamshika Tomasi makwapani wakamshusha. Akalala chali, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, na maji baridi yakaingia kwenye koti la Kasiani mpaka mgongoni.

Alichokiona kilikuwa kipande cha mbingu chenye pembe nne, na vichwa vya watu pembeni. Kulikuwa na harufu ya mizizi iliyokatwa. Sauti za huko juu zilikuwa zimekwenda mbali ghafla, na sauti iliyobaki ilikuwa ya moyo wake mwenyewe, unagonga kama bomba lililozibwa. Maneno yote aliyoyaandaa yalimtoka. Alijua anatakiwa kusema kaburi ni lake. Hakuweza kulisema hilo hata kwa utani, maana kwa mara ya kwanza maishani aliliamini. Alikuwa anaogopa, na hakukuwa na mtu wala kazi wala kikombe cha chai kati yake na woga ule.

Akaamua atoke haraka. Akajivuta akae, na magoti yakakataa. Akajaribu kugeuka ubavu, kisigino kikateleza kwenye tope akarudi chali palepale. Akainua mkono.

"Nisaidieni," akasema. "Siwezi kutoka."

Watu wakacheka.

Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliokuwa wakikisubiri. Watani wote huwa wanasema hawatoki. Huyu kasema hawezi, na kasema kwa sauti inayotetemeka. Kaigiza vizuri kweli.

Joyce alisogea ukingoni kufanya sehemu yake. "Mtani, tunakubembeleza. Toka humo tukupe jogoo."

"Nakubali," Tomasi akasema.

Tangu milima ile ipate watu, hakuna mtani aliyewahi kukubali mara ya kwanza. Kisha kicheko kikalipuka, kikapita makaburini kote.

"Kakubali upesi hivyo?" Joyce akasema, akijitahidi kukaza uso. "Basi jogoo tumemwondoa. Tunakupa yai."

"Nakubali yai."

"Tumeliondoa. Tunakupa ganda lake."

"Nakubali ganda. Nivuteni tu."

Mzee mmoja alikaa chini kwa kucheka. Tomasi akaona mambo yanamharibikia. Alivyozidi kusema kweli ndivyo walivyozidi kumsifu. Akafikiri labda wanataka kitu zaidi, na hapo akafanya ambalo hakuna mtani aliyewahi kulifanya, akaanza kulipa yeye. "Nitawapa mimi jogoo," akasema. "Nitawapa mbuzi. Ninaye Bigwa, jike, ana mimba. Mchukueni na mimba yake, mnitoe humu."

Katikati ya kelele zile alisikia kicheko kimoja kipya, chembamba, kinachokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Kilikuwa cha Mama Castory. Alikuwa amewaegemea wale wanawake wawili, amejishika tumbo, machozi yanamtoka, anacheka. Tomasi alimwona kwa kile kipande cha mbingu, na hata katika hofu ile alijua kwamba kazi aliyotumwa imekwisha fanyika. Haikumsaidia. Kifua kilikuwa kimebana na mshale wake, popote ulipo, ulikuwa umeshapita mstari mwekundu.

Kichwa kimoja tu ukingoni hakikucheka. Martina alikuwa anamtazama mumewe kwa jicho la mtu anayeangalia maziwa jikoni.

"Huyu hatanii," Martina akasema. "Amekwama."

Watu wakacheka mpaka wakapigana mabega. Kumbe na mke naye yumo.

Martina hakurudia. Akavua viatu akavipanga, akakaza kanga kiunoni, akakaa kwenye ukuta ule wa chini na kuteremka, miaka sitini na minane yake yote, mpaka akasimama ndani ya kaburi la Kasiani, tope limefika kwenye vifundo. Huko juu ilikuwa sherehe. Alimwinamia mumewe.

"Ni magoti?"

"Magoti." Kisha Tomasi akasikia mdomo wake ukiendelea wenyewe. "Naogopa, Mama Frank."

"Najua."

"Tangu nistaafu."

"Najua. Mtu hakai barazani kwenye mvua kwa ajili ya upepo."

"Kasiani alijuaje?"

"Nilimwambia mimi. Nilidhani kwake utasema." Alikuwa anamfuta tope usoni kwa ncha ya kanga, bila haraka, kama vile wako chumbani kwao. "Vuta pumzi. Itoe. Tena."

Tomasi akavuta na kutoa. Alipotoa ya tatu, machozi yalikuja, mengi, ya moto, naye akayaacha yatoke yote. Yalipotoka, kifua kikalegea. Martina akasimama wima akawatazama vijana wa juu.

"Ninyi wenye mikono, mnangoja tuzikwe wawili? Shukeni."

Hiyo hawakuicheka. Joyce alikuwa ameshawasukuma wawili, wakaruka ndani, wakamwinua Tomasi mzimamzima kama gunia la viazi, kisha wakampandisha Martina. Mtu akasema, "Mtani analia, atozwe faini." Mwingine akajibu kwamba faini ameshaitoa mwenyewe, mbuzi na mimba yake. Jeneza likashushwa. Padri akasali. Tomasi alirusha konzi yake ya udongo akiwa ameshikwa mkono na mkewe, na hakuhesabu kitu chochote.

Baadaye walikaa uani kwa marehemu, wakala ubwali, ndio ugali wa huko, na maharage. Tomasi alivuliwa lile koti lililolowa akafunikwa blanketi. Watu walikuja mmojammoja kumpa mkono. Wazee walisema wamezika wengi na kuona watani wengi, lakini wa kulipia atoke hawajapata kumwona, na tena kumshusha mke ndani, hilo alilibuni lini? Mara mbili Tomasi alifungua kinywa aseme ukweli. Mara mbili alimwona Mama Castory akimega tonge la ubwali, analitafuna polepole, akafunga kinywa.

Lakini sifa hazikumkaa. Alikuwa ameona jambo kule chini na lilikuwa bado linamkaba. Kwa miaka arobaini, siku yake ilipomjia akilini, palikuwa na Kasiani ndani yake, amevaa koti la Tomasi, anaigiza kunywa chai mbele ya boila, watu wanavunjika mbavu. Sasa Kasiani alikuwa amelala kule mteremkoni. Nani angeingia kwa Tomasi? Frank angelipia kila kitu kutoka Dodoma, turubai, viti na maua, na pangekuwa kimya. Angefukiwa kama mtu aliyeokotwa barabarani. Hilo alimwogopea rafiki yake, kumbe lilikuwa lake.

Joyce alikuja amekaza uso asicheke. Alichuchumaa mbele yake.

"Nilijua umekwama kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu kwenye yai."

"Ukajua ukaniacha?"

"Mama Castory alikuwa anacheka, mzee. Ningefanyaje? Nikasema acha acheke kidogo tena."

Tomasi alitafuta hasira, akaikosa. Joyce akainuka. Hapo ndipo Tomasi alipoona alichokishika Joyce nyuma ya mgongo, fimbo ya mpera, iliyong'aa pale mkono wa mwenyewe ulipoishikia miaka arobaini. Wazee wa ukoo walikuwa wamemkabidhi baada ya mazishi, maana mali ya mjomba huenda kwa mtoto wa dada.

"Simama," akamwambia.

Martina alimsaidia kusimama. Joyce akaiweka fimbo kwenye unyayo wake, akaipima mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka utosini, polepole, bila kuruka. Watu wa uani waliacha kula. Akarudi nyuma hatua moja akatikisa kichwa.

"Umepungua," akasema. "Lakini lako tutachimba na ngazi."

Woga haukuondoka. Ulikuwepo palepale, umevua viatu, umekaa. Ila uani sasa mtu mwingine alikuwa amefika na ameanza kuuzungumzisha.

Joyce aliinama kidogo, kwa heshima zote za mtoto kwa mkubwa wake.

"Shikamoo, marehemu mtarajiwa."

Tomasi alimtazama mkewe, akaitazama fimbo.

"Marahaba," akajibu, akasogea kwenye mkeka ili Joyce apate pa kukaa.